Siku Tuliyokwenda Mtoni Bila Ndoo

Maisha yangu yote nilikwenda mtoni nikiwa na kitu mkononi. Ndoo, beseni la nguo, sufuria zenye masizi, nyavu za mume wangu za kusuuza. Kwetu mtu akikuona unaelekea mtoni mikono mitupu atakuuliza una nini, na usipojibu vizuri atakufuata kwa nyuma. Kwa hiyo jirani yangu aliposema twende mtoni kupumzika tu, tukalale juu ya mchanga, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Kulala mchangani? Kama mamba?"

"Kama watu," akasema. "Kwetu ziwani Jumapili watu wanakwenda ufukweni. Wanaoga, wanakula, wanalala. Hawafui hata leso."

Jirani huyo alikuja Ifakara na mume wake aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Kazi ilipoisha wakapata kiwanja hapa Viwanja Sitini, ukuta kwa ukuta na mimi. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na hatukuwahi kugombania hilo. Tuligombania kuku tu. Ni miaka ya tisini hiyo, mwaka ambao mpunga uliingia ndani mpaka tukalala pembeni kuyapisha magunia. Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani tulikuwa tumezoea kwenda pamoja kwenye misiba na hija. Jirani akatuingia kichwani taratibu, mmoja mmoja, mpaka tukakubali. Mwenye boti ya injini iliyokuwa inaleta mpunga kutoka upande wa Malinyi alikuwa muumini mwenzetu. Akasema atatupandisha mto asubuhi, tutazame viboko, tushinde kwenye mchanga mkubwa unaojitokeza kiangazi, kisha aturudishe kabla jua halijazama.

Tulikuwa wangapi? Sijui, maana hatukuhesabiwa. Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole wakiwa juu ya maji. Ukisema mmoja, wawili, watatu, unauonyesha mto idadi, na mto ukijua idadi unajua na kupunguza. Watu huitwa majina, kila mmoja anaitika, safari inaanza. Kazi hiyo ya kuita ilikuwa yangu miaka yote. Shule nilifika darasa la pili, kingine nilikipata kwenye kisomo cha watu wazima, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Waliokuwa botini siku ile ninao wote kichwani, hata dereva wa boti na mke wake aliyebaki nyumbani. Hapa siwaandiki. Wengine wamekufa, wengine sikuwaomba ruhusa.

Sasa niseme habari ya mkwe wangu, maana bila yeye siku ile ingebaki pikiniki tu.

Mwanangu wa tatu alichukuliwa na maji masika mawili kabla ya safari hiyo. Alikuwa anavusha mpunga kwa mtumbwi kutoka shamba letu la ng'ambo. Mtumbwi ulikutwa kifudifudi kwenye matete, na pondo lake la kusukumia limechomekwa matopeni, limesimama wima, kama mtu ameliacha hapo kwa makusudi na anarudi sasa hivi. Yeye hakuonekana. Walitafuta mpaka wakachoka, kisha wakawa wanatafuta kwa heshima yangu tu, wakipigapiga maji kwa fimbo.

Katika ukoo wa mume wangu, mtu aliyechukuliwa na mto na hakuonekana hana msiba kamili mpaka mama yake aende majini, mchana, amwite kwa jina. Anamwita mara moja. Asipoitika, imekwisha. Ukoo unakata mgomba, unauvisha shuka, unauzika mahali pake, na mjane anavuliwa nguo nyeusi. Lakini mama akisema amesikia ameitika, hakuna kuzika na hakuna kuvua. Watu wanaendelea kungoja. Na hakuna wa kusikia kwa niaba yake. Mume wangu, alipokuwa hai, alinieleza mwenyewe: sikio ni la mama.

Mimi nilikataa kwenda kuita. Shemeji yangu mkubwa alikuja kunisemesha, nikamwambia miguu inauma. Akaja tena, nikamwambia tumalize palizi. Mara ya tatu alikaa tu uani, akanywa chai, akaondoka bila kutaja kilichomleta.

Na wakati wote huo mke wa mwanangu alikuwa ndani kwangu amevaa kaniki. Hasuki nywele, haendi harusini, haogi mtoni, hawezi kurudi kwa wazazi wake Malinyi. Mtoto hawakujaliwa. Baba yake aliugua akatuma salamu kwa watu wa boti, kisha akatuma tena: mwanangu mtamfungua lini? Mkwe mwenyewe hakuwahi kuniomba. Siku moja tu, tukiwa tunapepeta mchele, alisema, "Mama, mwaka huu nafikisha ishirini na tano." Kisha akaendelea kupepeta. Nilijua amesema nini. Nikajifanya pumba zimeniingia jichoni.

Nilimweka pale kama mtu anavyoweka kanga kwenye siti ya basi ili mwingine asikae. Maadamu mjane wake anangoja, mwanangu hajafa, amechelewa. Nilikuwa nikipita darajani au kivukoni naangalia maji, kila gogo lililoelea lilikuwa na bega. Kila mtu aliyelowa alikuwa na kisogo chake. Nilijua si yeye na bado nilingoja mpaka ageuke.

Basi. Asubuhi ya safari tulikusanyika kivukoni. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja pia. Huyu ndiye aliyebeba sauti ya ukoo kwa upande wa wanawake, ingawa sikio lake la kushoto lilishakufa. Alimtazama mkwe wangu juu mpaka chini.

"Na huyu?"

"Anakwenda na mimi," nikasema.

"Haya. Ila asioge."

"Sitaoga, shangazi," mkwe akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Ukae karibu na mama yako."

Dereva wa boti akatupanga. "Kina mama, kaeni katikati, boti si kitanda. Na wewe mama mwenye kikapu, hicho kikapu kina nini kizito hivyo?"

"Maharage. Nitayachambua nikifika."

Jirani yangu akapiga kelele. "Maharage! Tumesema mapumziko, mtu anabeba maharage! Leteni hapa, leteni vyote." Akapita akitupekua. Akakusanya maharage, akakusanya ukili wangu niliokuja nao nisuke mkeka, akakusanya nguo mbili za kushona na ungo mmoja. Akavifungia vyote kwenye gunia, akalikalia njia nzima kama polisi.

Niliita majina, wote wakaitika, injini ikawaka.

Sitasema uongo, ilikuwa safari nzuri. Mto kiangazi unakuwa mwembamba na msafi, unaona mchanga chini umejikunja kama ulimi wa ng'ombe. Ndege weupe walikuwa wamejaa kwenye kingo, hawaruki hata boti ikipita. Viboko walikuwa kundi zima kwenye kona, masikio tu yanachezacheza.

"Kwenu ziwani kuna viboko?" wifi akamchokoza jirani.

"Wapo. Ila wa kwetu wana adabu, wakiona watu wazima wanazama."

"Hawa wamekuona wewe wakadhani ni mwenzao."

Boti nzima ilicheka, na jirani akacheka kuliko wote, maana mwili anao.

Mchanga tuliokwenda ulikuwa katikati ya mto, mweupe, mpana kama kiwanja cha mpira, na upande mmoja maji yameingia kidogo yakafanya kidimbwi kisichopita kiuno. Dereva na wavuvi wa kule walishakizungushia miti iliyochomekwa karibu karibu, mamba asipite. Ng'ambo ya pili kulikuwa na matete marefu, mazito. Hayo nikayaona mara tuliposhuka, nikakaa nimeyapa mgongo.

Mwanzoni hatukujua la kufanya. Wanawake watu wazima tumesimama mchangani tunatazamana, mikono imening'inia. Mmoja akaanza kuokota vijiti. "Vya nini?" jirani akamuuliza. Hakujua vya nini. Akavitupa. Kisha mwingine akaingia kidimbwini na nguo zake zote, akaketi, maji yakamfika kifuani, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu anayefua. Baada ya hapo hakuna aliyengoja kuambiwa. Tulioga. Tulirushiana maji. Wifi yangu mwenye sauti ya ukoo alilala chali majini na kanga yake ikapanda juu kama puto, na tukamwambia shangazi, heshima ya ukoo inaelea.

Mkwe wangu alikaa pembeni juu ya mchanga, miguu ameikunja ndani ya kaniki isiguse maji. Jirani akatoka kidimbwini, akachota mchanga mbichi kwa mikono miwili, akammwagia miguuni.

"Mama, nimekatazwa."

"Umekatazwa mto. Huu ni mchanga." Akamwagia tena, akamfukia mpaka magotini, akapigapiga kama anayejenga kichuguu. Mkwe akacheka. Nilishtuka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu wanaume walipoujaza uwanja wangu na habari yao ya mtumbwi, na nilikuwa nimesahau kwamba ni kicheko kikubwa, kinachotoka kwa kishindo.

Tulikula wali na perege wa kuchoma, tukanywa togwa. Halafu nikalala. Mimi, mchana, juu ya mchanga, kanga usoni. Joto likinipanda kutoka chini, upepo ukinipitia juu, sauti za wenzangu zikienda mbali zikirudi. Sikuota chochote. Nilipoamka mwili wangu ulikuwa mwepesi kama umetolewa mfupa fulani, na nilikaa nikitazama maji yanavyometameta nikaona ni maji tu. Sikutafuta kitu ndani yake. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilipumzika kweli kweli. Jirani alikuwa amesema kweli.

Jua lilipoanza kuinama dereva akatuita. Tukapanda, tumelowa, tuna mchanga mpaka masikioni, mtu akimsukuma mwenzake anacheka. Injini ilikuwa haijawashwa. Nikasimama mbele kuita majina kama kawaida yangu.

Naita, wanaitika. Huyu nipo. Huyu nipo. Huyu akaitika kwa sauti ya kiboko, watu wakacheka. Nikaita jina la mkwe wangu. "Nipo, mama." Na kwa pumzi ileile, bila kusita, nikaita la mume wake.

Lilitoka lenyewe. Kwa miaka nilikuwa nawaita pamoja, chakula tayari, njooni mle, jina lake na jina lake. Wala sikuita lile la ubatizo. Niliita la nyumbani, ambalo bibi yake alimpa akiwa na siku tatu na ambalo nje ya ua wetu halijulikani. Niliita kwa furaha, kama mtu anayejua kwamba anayeitwa yupo nyuma pale anafunga kamba.

Maji yakawa yanagonga ubao, tap, tap. Dereva akavua kofia, nadhani hakujua kwa nini anavua.

Wifi yangu ndiye aliyesema, polepole. "Ameitwa."

Nikasema, "Nimekosea. Ilikuwa ulimi."

"Ni mchana. Uko majini. Ni mdomo wa mama." Akainua mkono. "Ameitwa. Tusikilize."

Tukasikiliza. Nilitaka injini iwake, kiboko apige kelele, mtu akohoe. Hakuna. Na kutoka ng'ambo, kutoka ndani ya matete yale niliyoyapa mgongo kutwa nzima, nikasikia mtu ameitika.

"Eeeeh."

Ya kuvuta, inashuka mwishoni, kama mtu aliyebeba mzigo na anakuja nao. Ndivyo alivyokuwa akiitika. Watoto wangu wengine wanasema naam, au abee, au hawasemi kitu wanakuja tu. Yeye alikuwa anaitika hivyo.

Wifi alikuwa amegeuza sikio lake zima upande wa maji, kisha akalirudisha kwangu. "Mama mtu," akasema. Siku zote huniita wifi, lakini hapo aliniita mama mtu. "Umesikia kitu?"

Nikamtazama mkwe wangu. Kama angenitazama kwa kuniomba ningeweza kumchukia, na ningesema nimesikia, na ningekuwa nimesema kweli. Hakunitazama. Alikuwa ameinama anapangusa mchanga kwenye vifundo vya miguu, kidogo kidogo, kwa kidole kimoja, kama mtu ambaye amepewa kazi hiyo na hana haraka, ana miaka mingine mingi ya kuifanya. Kisogo chake kilikuwa chembamba. Nywele zimejifunga kwa kukosa kitana. Niliona vile atakavyokuwa akiwa na umri wangu, kwenye jamvi langu, na kaniki yake, anangoja niseme.

"Sijasikia kitu," nikasema.

Wifi akachota maji kwa kiganja, akampaka mkwe wangu kwenye paji la uso. "Basi," akasema. Wanawake wakaanza kulia, wale waliokuwa wakicheka sasa hivi wakalia na nguo zao zilizolowa, na mkwe wangu akalia kimya akiwa ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Dereva akawasha injini. Mimi nilikaa chini. Niliyapa matete mgongo tena mpaka kivukoni, na mgongo wangu wote ulikuwa sikio.

Jumamosi iliyofuata tulizika mgomba. Padri akasema misa. Mkwe akavuliwa kaniki, akanyolewa, akafungwa kitambaa cheupe. Alikaa nami mpaka nywele zilipochipua, halafu akaenda kwao Malinyi akamkuta baba yake bado anapumua, na mwaka uliofuata akaolewa Mchombe na mkulima wa mpunga, mtu mpole.

Jirani yangu nilimuuliza mara moja tu, tukiwa tunaanika mpunga kila mtu upande wake wa ukuta.

"Siku ile, wewe masikio yako yote mazima. Ulisikia nini?"

"Mimi mgeni hapa," akasema. "Mlisema sikio ni la mama."

Kiangazi kilichofuata nilikwenda peke yangu. Nilimwambia mwenye mtumbwi mmoja pale kivukoni anipeleke kwenye matete ya mkabala na mchanga mkubwa, nataka kukata ya kuezekea. Alinitazama lakini akanipeleka. Nilifikiri nitakuta kambi ya wavuvi, majivu, vichanja vya kukaushia samaki, kopo. Nilivitaka sana vitu hivyo. Tuliyazunguka matete yote.

"Hapa wavuvi wanakaa wapi?" nikamuuliza.

"Hapa, bibi? Hapa hakuna kukaa. Nchi kavu hamna, chini ni maji matupu na kina kirefu. Hata nyavu hatutegi, zinanasa." Akachomeka pondo kunionyesha. Likazama lote mpaka mkono wake ukaingia majini. "Unaona? Mtu hawezi kusimama hapa."

Nikamwambia tugeuze. Hakuniuliza habari ya matete ya kuezekea.

Mkwe wangu, namwita hivyo mpaka leo, alikuja kunisalimia alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili. Alileta mchele wa Mchombe na kuku wawili. Alikuwa amenenepa, amesuka, na kicheko chake kilikuwa kimerudi nyumbani kwake. Tulikaa jikoni, yeye akinyonyoa kuku, mimi nikichochea moto. Tulizungumza habari za baba yake, za mafuriko, za bei ya mbolea. Halafu akasema bila kuinua macho:

"Mama. Siku ile ya mchangani. Na mimi nilisikia."

Nikaweka kuni chini.

"Nilisikia kabisa," akasema. "Nikasema moyoni, sasa mama atasema. Nikangoja useme." Alikuwa ananyonyoa upesi upesi, manyoya yanamshika vidoleni. "Nimekaa nalo miaka yote hii. Usiku mume wangu akiwa amelala nasema, je, kama tulimwacha? Lakini nimefikiri, mama. Nimefikiri sana. Aliyeitika alikuwa mvuvi. Kule ng'ambo lazima kulikuwa na mvuvi, akasikia mtu anaita, akaitika tu, kama watu wanavyoitika. Si ndiyo? Wavuvi wanakaa kule kwenye matete."

Hapo akaniinulia macho. Siku ile ya boti hakuniomba kitu. Sasa alikuwa ananiomba.

Nilifikiri juu ya pondo linavyozama, na mkono wa yule mtu unaingia majini.

"Wapo," nikamwambia. "Nilikwenda kuangalia mwenyewe. Kuna kambi kubwa."

"Uliiona?"

"Niliiona. Vichanja, majivu, kila kitu. Alikuwa mvuvi, mwanangu."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, akarudi kwa kuku wake.